Walihama au Walihamishwa? Kitenzi Kimoja katika Vitabu vya Picha vya Watoto

Mwaka juzi nilimaliza mswada wa hadithi ya watoto: kurasa 24, sentensi moja au mbili kila ukurasa, na nafasi yote iliyobaki ni ya mchoraji. Hadithi inamhusu mtoto wa hapa Rujewa ambaye bibi yake alifika Usangu akitokea Usukumani na ng'ombe wa familia, wakakaa miaka mingi pembezoni mwa Ihefu, kisha siku moja wakaondoka. Ukurasa wa 9 ulikuwa na neno moja tu: "Walihamishwa." Mhariri aliyeupitia mswada ni mtu mwungwana na anaijua kazi yake. Aliurudisha ukiwa na alama chache za kalamu nyekundu, na mojawapo ilikuwa hapo. Alikuwa amelikata neno langu na juu yake ameandika, "Walihama."

Nilidhani ni woga. Nikampigia simu nikiwa nimekwisha kuandaa hotuba. Kumbe sababu yake ilikuwa ya kisomo tupu. Silabi "shwa", alisema, ina herufi tatu zinazofuatana kabla mtoto hajaiona irabu, na msomaji wa darasa la pili hujikwaa hapo. "Walihama" ina silabi nne nyepesi ambazo hata wa darasa la kwanza anazimudu. Kwa kanuni za ngazi za usomaji alikuwa na haki, na hotuba yangu ikanifia kinywani. Lakini tangu siku ile nimekuwa nikivirudia vitabu vya picha vinavyosimulia watu waliotoka kwao kwenda kwingine, vyetu na vya wenzetu wa mbali, nikitafuta jambo moja tu: watu hao wamepewa kitenzi gani.

Wapenzi wa ushairi hawahitaji kufundishwa mnyambuliko, maana ndio unaowapa vina. Hata hivyo naomba tukitazame kitenzi hiki polepole. Anayehama ndiye mtenda; ana miguu yake na nia yake. Anayehamia amepewa kiambishi cha kutendea, na pamoja nacho amepewa mahali pa kufika. Ndiyo maana tuna mhamaji, ambaye safari yake haina mwisho unaotajwa, na tuna mhamiaji, ambaye safari yake ina mlango, na mlangoni pana afisa wa Idara ya Uhamiaji. Anayehamishwa hali yake ni nyingine kabisa. Amewekwa mwanzoni mwa sentensi kana kwamba tendo ni lake, kumbe tendo ni la mwingine, na huyo mwingine Kiswahili kinaruhusu asitajwe. Ili atajwe tunahitaji kineno kidogo kuliko vyote tulivyo navyo, "na": walihamishwa na fulani. Kineno hicho kikikosekana, sentensi bado ni sahihi, mwalimu hawezi kuikosoa.

Yapo majina mengine, na kila moja lina historia yake. "Mgeni" ni yule tunayemwandalia chakula, na ni yule yule tusiyemjua. "Mlowezi" ametokana na kulowea, yaani kukaa ugenini hadi ukazoea ukawa kama wa hapo. Neno hili nalipenda kwa asili yake, lakini lilichafuka lilipopewa wakulima wa kizungu walioshika mashamba makubwa, na baadaye likaingia katika lugha ya ofisi za mikoa ya mpakani kumtaja mtu aliyeishi nchini miongo kadhaa bila hati. "Mkimbizi" anajieleza. Tena kuna "mvamizi", ambaye kwa mshairi ana kisa cha pekee, maana hamia na vamia zimetenganishwa na herufi moja ya mwanzo tu. Kwa vina ni ndugu. Hapa kwetu nimeyasikia yote mawili yakitumiwa kwa familia ile ile, katika mkutano mmoja wa kijiji, na wasemaji wawili tofauti.

Nasema hapa kwetu kwa sababu Rujewa ni mahali pazuri pa kuyapima maneno haya. Mji wetu ni makao makuu ya Wilaya ya Mbarali, katika mbuga za Usangu, kando ya barabara kuu ya kutoka Iringa kwenda Mbeya, na ukiuliza nani mwenyeji utajibiwa haraka kwamba ni Msangu. Ni kweli. Lakini Wasangu wenyewe walishahama. Vita vyao na Wahehe katika nusu ya pili ya karne ya 19 vilimtoa Merere na watu wake katika mbuga hizi, wakapanda Usafwa, na balozi mdogo wa Uingereza, James Frederic Elton, alipomtembelea Merere mwaka 1877 aliikuta vita hiyo mlangoni. Walirudi bondeni katika zama za Wajerumani. Msafiri wa leo atakuta Utengule mbili, moja huku Usangu na nyingine upande wa Usafwa karibu na Mbalizi. Watu waliondoka, jina wakalibeba. Mtoto wa shule anayezichanganya Utengule hizo kwenye ramani hajakosea sana. Amegusa historia bila kujua.

Baada yao walikuja Wabulushi, ambao hapa wengi huwaita Wabaluchi. Asili yao ni pwani ya Makran, na wahenga wao waliletwa Zanzibar kuwa askari wa masultani. Walilinda ngome, wakasindikiza misafara. Burton na Speke walipoingia bara mwaka 1857 walikuwa na askari Wabulushi pamoja nao. Wapo waliofika Usangu wakalowea, kwa maana ile safi ya kulowea: wakaoa, wakafuga, wakachimba mifereji, na kilimo cha mpunga wa kumwagilia katika mbuga hizi kina alama ya mikono yao. Mchele wa Mbarali unaosifiwa Dar es Salaam na Mbeya una mgeni katika nasaba yake. Katika miaka ya 1970 Wachina walisaidia kujenga shamba kubwa la mpunga la Mbarali, na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ikapita wilayani kwetu. Wakaja Wabena, Wahehe, Wakinga na Wanyakyusa kutafuta kazi na majaruba. Wakaja Wasukuma, Wamasai na Wabarabaig na mifugo yao kutafuta malisho.

Kilichofuata kinajulikana. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Mto Ruaha Mkuu ulianza kukauka kila kiangazi, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, na taifa likaanza kuuliza nani ameyamaliza maji ya mabwawa ya umeme. Wengine walimnyooshea kidole mfugaji, wengine mkulima wa mpunga. Mwaka 1998 Pori la Akiba la Usangu lilitangazwa. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji na ng'ombe wao waliondolewa katika eneo la Ihefu na kupelekwa mikoa ya Lindi na Pwani, wengine kwa malori, wengine kwa miguu. Na mwaka 2008, kwa Tangazo la Serikali Na. 28, pori hilo likaingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na mgogoro wa mipaka na vijiji ukaendelea miaka mingi baadaye. Sina nia ya kuihukumu kesi hiyo hapa. Nimewahi kuisikiliza kutoka kwa mwenye jaruba lililokauka na kutoka kwa mwenye zizi lililobaki tupu, na wote wawili walilia machozi ya kweli. Ninachotaka kukionyesha ni kidogo zaidi: katika kila darasa la shule za msingi za Rujewa kuna mtoto ambaye familia yake inahitaji kiambishi cha "-ishwa" ili isimuliwe sawasawa.

Je, kiambishi hicho kiliwahi kuingia katika vitabu vya watoto? Kilianza vizuri kuliko nilivyotazamia. Mwaka 1934 James Mbotela alichapishiwa London kitabu chake *Uhuru wa Watumwa*, kinachosimulia habari za wazee wake Wayao waliokamatwa, wakapelekwa pwani, wakapakiwa majahazini, wakaokolewa baharini na Waingereza na hatimaye wakafikishwa Freretown karibu na Mombasa. Si kitabu cha picha, na wahakiki wamekilaumu kwa kumsifu mno Mwingereza, lawama ambayo siipingi. Lakini kilisomwa na vizazi vya wanafunzi wa Afrika Mashariki, na kwa wengi wao kilikuwa kitabu cha kwanza cha Kiswahili kinachomhusu mtu aliyeng'olewa kwao bila hiari yake. Tendo limetajwa, mtenda ametajwa, na Mombasa anafika mtu ambaye hakuchagua kwenda huko.

Baba yangu alikuwa Mbena wa Njombe na alikuwa manamba. Katika miaka ya 1940 mashamba ya mkonge ya Tanga yalikuwa na njaa ya watu, na mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha chombo cha kukusanya vibarua, SILABU, kilichopeleka mawakala hadi Nyanda za Juu Kusini. Neno manamba limetokana na namba aliyopewa kila aliyeandikwa. Mtu aliondoka na jina la ukoo, akarudi na tarakimu ambayo aliikumbuka hadi uzeeni. Baba alikuwa akiitamka yake kwa sauti ya mwitikio, kama mtu anayeitwa kwenye foleni. Alipomaliza mkataba hakurudi moja kwa moja Njombe. Aliteremka Usangu akapata kipande cha shamba, na ndiyo sababu mimi ni mtu wa Rujewa. Yeye alihama, hilo nalikubali, ingawa kodi ya kichwa ilikuwa nyuma yake ikimsukuma. Kitabu cha watoto chenye picha ya manamba akiwa juu ya lori, sanduku la bati mapajani, sijakiona hadi leo, na natamani mtu mwenye kalamu nzuri kuliko yangu akiandike kabla wajukuu wa manamba hawajamaliza kuzeeka.

Nilianza kufundisha mwaka 1975, na hapa ndipo kumbukumbu zangu zinaponisuta. Vitabu vya kusomea tulivyokuwa navyo vilikuwa na kijiji kilichotulia. Baba ana jembe, mama ana mtungi, mbuzi amefungwa chini ya mwembe, na mwembe umekaa hapo tangu enzi. Wakati huo huo Operesheni Vijiji ilikuwa imepamba moto. Mwalimu Nyerere alikuwa ameagiza kwamba ifikapo mwisho wa 1976 wananchi wote wawe wanaishi vijijini. Watoto waliokaa mbele yangu walikuwa wamefika juzi na jana, miti ya nyumba zao bado mibichi, na mimi niliwaongoza kusoma kwa pamoja habari za mwembe wa tangu enzi. Walisoma kwa sauti nzuri. Hakuna aliyeuliza mbona wa kwetu haupo, na mimi sikuwauliza. Nilikuwa kijana, nilikuwa na chaki mbili za kugawa kwa wiki nzima, na niliamini kijiji cha kitabuni ndicho tunachokwenda kukijenga.

Mgeni tulimfundisha kwa methali: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nyerere aliitumia methali hiyo katika maandishi yake ya 1962 kuhusu ujamaa, na ikaenea madarasani. Ni methali njema kuhusu uvivu. Lakini inamtazama mgeni kutoka upande wa mwenye jembe. Haijui mgeni anayekuja na jembe lake mwenyewe, kama walivyokuja Wabulushi na ujuzi wa mifereji, au Wasukuma na majembe ya kukokotwa na ng'ombe.

Soko la vitabu lilibadilika mwaka 1991. Uchapishaji wa vitabu vya shule ulianza kutoka mikononi mwa serikali pekee. Walter Bgoya alianzisha Mkuki na Nyota. Na mwaka huo huo Mradi wa Vitabu vya Watoto ulianza kwa msaada wa shirika la CODE la Kanada, ukiwasaidia wachapishaji kwa kununua sehemu ya nakala na kuzipeleka kwenye shule za msingi. Kwa mara ya kwanza mtoto wa kijijini aliweza kushika kitabu cha hadithi cha Kiswahili ambacho hakikuwa cha kiada, na kikiwa na picha za rangi. Nilikifungua kifurushi cha kwanza kilichonifikia mikononi kwa uangalifu kama mtu anayefungua nguo ya harusi.

Picha zenyewe zina kisa. Mtindo ambao dunia imeuzoea kuwa ni wa Kitanzania, wa wanyama wenye rangi kali na macho makubwa, ni wa Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru aliyekwenda kutafuta maisha kaskazini na hatimaye Dar es Salaam, akaanza kuchora juu ya mbao kwa rangi za kupakia nyumba na baiskeli. Alikufa mwaka 1972, akiwaacha wanafunzi ambao wengi wao walikuwa jamaa na watu wa kwao waliomfuata mjini. Aliyeupeleka mtindo huo mbali zaidi katika vitabu vya watoto ni John Kilaka, mzaliwa wa upande wa Sumbawanga mwaka 1966, ambaye naye aliuhama mkoa wake akajifunzia kazi Dar es Salaam, na ambaye vitabu vyake vilitangulia kutoka Uswisi kwa Kijerumani kabla ya kujulikana kwingine. Kwa hiyo kijiji cha kupendeza cha vitabu vya picha kimechorwa na watu waliokiacha kijiji. Sijui kwa nini hilo lilichukua miaka mingi kunigonga kichwani. Kimoja cha Kilaka kinamhusu Panya na Tembo, marafiki wawili: panapotokea ukame Tembo anamdhulumu mwenzake akiba ya chakula, na Panya, ambaye ndiye peke yake kijijini anayejua kuwasha moto, anaondoka. Wanyama wanabaki gizani. Ndicho kitabu cha picha cha Mtanzania kinachokaribia zaidi jambo ninalolitafuta, na tazama, mhamaji ndani yake amevaa manyoya. Wanyama wametusaidia sana kusema yasiyosemeka, tangu enzi za sungura na fisi. Lakini Panya alihama kwa miguu yake.

Huko Marekani na Uingereza, wakati sisi tunachora wanyama, kulikuwa kumekua aina nzima ya vitabu vya picha kuhusu mtoto mhamiaji, na ndani yake wamo watoto wa pande zetu. Mary Hoffman alitoa mwaka 2002 *The Color of Home*, kuhusu mvulana Msomali katika siku ya kwanza ya shule Marekani, ambaye hajui Kiingereza na anaichora nyumba yao ya zamani badala ya kuisimulia, hadi anapopatikana mkalimani. Mary Williams alifuata mwaka 2005 na *Brothers in Hope*, kuhusu wavulana wa Sudan waliotembea hadi Ethiopia na kisha Kakuma, Kenya. Ni vitabu vizuri; cha Hoffman nimekisoma mara nyingi kwa sababu ya yule mkalimani, mhusika ambaye fasihi yetu humsahau. Ila vyote vimeandikwa kwa Kiingereza, na mtoto wa Afrika Mashariki anastahili kuwa shujaa wa kitabu anapokuwa amefika, au amekaribia kufika, kwa wasomaji hao. Aliyehamishwa kutoka Ihefu hadi Lindi hajavuka mpaka wowote. Hana bendera mbili za kuchorwa jaladani.

Kiswahili chenyewe kimewahi kuwa mhamiaji katika vitabu hivyo. Muriel Feelings, aliyewahi kufundisha Uganda, na mumewe mchoraji Tom Feelings, walitoa *Moja Means One* mwaka 1971 na *Jambo Means Hello* mwaka 1974, vitabu vya kuhesabu na vya alfabeti kwa watoto wa Marekani wenye asili ya Afrika, na vyote viwili vikapata heshima ya Caldecott. Wengi wa wahenga wa watoto hao walichukuliwa kutoka Afrika Magharibi, ambako Kiswahili hakikuwa kikisemwa. Sioni kasoro katika hilo. Waliokatwa ulimi wao walichagua ulimi mwingine wa barani kwao, na sisi tulio nao tangu kuzaliwa tunapaswa kuona haya kidogo tunapoutumia kizembe.

Viwili vingine vimenifundisha zaidi kuhusu ukurasa wangu wa 9, ingawa havituhusu. Cha Allen Say, *Grandfather's Journey*, kilichotoka mwaka 1993, kinamfuata babu Mjapani anayekwenda Marekani na kurudi, na kila akiwa upande mmoja anautamani mwingine. Hukuti mvamizi hapo wala mkimbizi. Kila picha ni kama ya albamu ya familia, na maneno ni machache mno. Na cha Shaun Tan wa Australia, *The Arrival*, cha mwaka 2006, hakina maneno kabisa. Maandishi pekee yanayoonekana ni ya mji anaofikia msafiri, na Tan ameyabuni ili asiwepo mtu yeyote duniani anayeweza kuyasoma. Ukikifungua, wewe msomaji stadi unakuwa kipofu wa herufi pamoja na msafiri. Nilikipitisha kwa wazee wawili wasiojua kusoma hapa mtaani kwetu na walikimaliza haraka kuliko mimi. Kwa muda nilifikiri kwamba huo ndio ufumbuzi wangu: niufute ukurasa wa 9, niachie picha. Lakini Tan alikuwa akikwepa lugha ambayo msafiri wake haijui. Watu wangu Kiswahili wanakijua. Ndicho lugha waliyoambiwa waondoke.

Wapo wengine wanaolisubiri neno hili pamoja nao. Warundi waliokimbilia Tanzania mwaka 1972 walilea watoto na wajukuu katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, watoto wasiojua nyumbani pengine ila hapo. Na kuanzia mwaka 2014 zaidi ya 160,000 kati yao walipewa uraia na kuanza kuitwa raia wapya. Tangu 1996 kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma imepokea Wakongo, ambao wengi wao husema Kiswahili, na kutoka huko maelfu wamepelekwa Marekani. Huko wanakuta vitabu vya Kiingereza kuhusu mtoto kama wao. Waliobaki kambini wanakuta vitabu vya Kiswahili kuhusu mwembe wa tangu enzi.

Sasa nirudi kwa mhariri wangu. Hoja ya silabi niliichukulia kwa uzito, nikaamua kuijaribu. Jirani yangu ni bibi wa Kisukuma, mmoja wa waliobaki Rujewa wakati ndugu zake walipokwenda Lindi na ng'ombe, na mjukuu wake alikuwa darasa la pili. Nilimpa mtoto karatasi jioni moja barazani kwao, bibi akiwa karibu anapepeta mchele kwenye ungo. Akasoma vizuri hadi ukurasa wa 8. Kwenye ukurasa wa 9 alikwenda "wa-li-ha-mi", akasimama, kama mhariri alivyotabiri. Akarudi nyuma, akajaribu tena, kisha akaliruka lote kwa pumzi moja, "walihamishwa", kwa sauti ya mtu anayelijua neno. Na kweli hakuwa mgeni nalo. Mtoto aliyewahi kurudishwa nyumbani kwa kukosa sare, au kukatishwa mchezo kwenda kuchota maji, anaijua "shwa" vizuri kuliko sisi tunaoipima. Kisha akainua macho.

"Na nani?" akauliza.

Hilo sikuwa nimejiandaa nalo. Nilimtazama bibi yake, naye hakuacha kupepeta.

"Endelea kusoma," akamwambia mjukuu. "Babu ameweka jibu mbele."

Sikuwa nimeweka. Kwenye ukurasa wa 10 kulikuwa na lori, na rasimu ya penseli ya mchoraji, ng'ombe sita wakiwa wamesimama ndani yake, vichwa vyote vikielekea mbele kama abiria wa basi. Mtoto aliitazama, akamwonyesha bibi. Bibi akaweka ungo chini, akaichukua karatasi, akaisogeza kwenye mwanga.

"Mwalimu," akaniambia, "huyu aliyechora hajawahi kupakia ng'ombe. Hawakai hivi. Wanapangwa ubavu kwa ubavu wakitazama pembeni, na kamba inapita juu ya shingo hapa, la sivyo breki ya kwanza wanalala wote. Na sita ni wachache. Mwambie aweke wengi hadi mtoto ashindwe kuhesabu. Na nje ya lori, hapa nyuma, aweke watu waliosimama wakisimamia upakiaji."

"Watu gani?" nikauliza.

"Yeye achore tu waliosimama. Mtoto atawaona."

Nilimtumia mhariri barua ndefu kuhusu silabi na fupi kuhusu lori. Amekubali neno libaki, kwa sharti kwamba lichapwe likiwa limegawanywa kwa vistari chini yake, kwa ajili ya wanaoanza kusoma. Mchoraji anachora upya ukurasa wa 10. Wiki iliyopita alinipigia kuuliza waliosimama nyuma ya lori wavae nini.